Makopo ya Marehemu Padre



Wasomaji wetu wapendwa, huenda mtashangaa kuona mafrateri wanne wakiandika juu ya tumbaku katika ukurasa huu, ambamo mmezoea kusoma habari za miito, malezi na liturujia. Tunaomba mtuvumilie. Hatuandiki ili kumshawishi mtu avute, na kanuni za nyumba yetu juu ya jambo hilo mnazijua. Tunaandika kwa sababu Padre Gombera alitupa kazi ndogo, nayo kazi hiyo ikatufikisha mahali ambapo hatukutegemea.

Mwaka jana, siku chache baada ya Noeli, Mungu alimwita padre mzee aliyekuwa akitufundisha Historia ya Kanisa. Alikuja nchini akiwa kijana, akafanya utume katika parokia za Unyamwezi kwa miaka mingi kabla ya kuletwa seminarini. Alizikwa katika makaburi yetu, kama alivyoomba mwenyewe. Mlangoni pa chumba chake palikuwa na kiti cha miti alichokalia jioni za Jumapili, na kwa miaka yake ya mwisho alikikalia akiwa na kiko kitupu mdomoni, bila tumbaku, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza. Sisi tulimcheka kidogo kwa hilo. Tulidhani ni mazoea tu ya uzee.

Wiki ya pili ya Kwaresima Gombera alituita wanne. Alisema, "Nendeni mkasafishe chumba cha Padre. Vitabu vipelekeni maktaba, nguo wapeni masista wazigawe kwa wazee wa kituo, na chochote msichojua cha kufanya nacho, nileteeni taarifa."

Vitabu tuliviweka kwenye toroli. Nguo zilikuwa chache kuliko tulivyofikiri. Lakini chini ya kabati la nguo, nyuma ya viatu, tulikuta sanduku la mbao, na ndani yake makopo kumi na moja ya bati na chupa tatu za kioo zenye midomo mipana. Kila kopo lilikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi, chenye mwaka na mahali liliponunuliwa. La zamani kuliko yote lilikuwa la mwaka 1979. Kando yake palikuwa na viko vitatu vilivyofungwa katika kitambaa safi, na daftari la shule.

Tulifungua daftari tukitazamia mahubiri. Tukakuta ni kumbukumbu za tumbaku. Kila Jumatatu ya Pasaka, mwaka baada ya mwaka, Padre alikuwa akifungua kopo moja la zamani na moja jipya la aina ileile, anaonja, kisha anaandika tofauti katika mistari minne au mitano. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na masharti aliyojiwekea: kiko ni kwa Jumapili na sikukuu tu, Kwaresima nzima hakuna, na asivute kamwe akiwa na hasira. Sharti hilo la mwisho alikuwa amelipigia mstari mara mbili.

Tulipeleka taarifa. Na hapa tukiri jambo. Kabla ya kufika kwa Gombera, mmoja wetu alikuwa ameshatafuta kwenye intaneti na kugundua kwamba wapo watu huko Ulaya na Marekani wanaonunua makopo ya zamani ambayo hayajafunguliwa kwa bei kubwa mara nyingi kuliko ile ya dukani. Paa la maktaba yetu linavuja, kama mnavyojua. Tuliingia ofisini kwa Gombera tukiwa tumekwisha kuliezeka vichwani mwetu.

Gombera alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Bado hamjajua mmeshika nini. Ngojeni Pasaka. Muombeni Bruda awaeleze. Kama mnataka kuonja mara moja, kama alivyofanya Padre, nawapa ruhusa hiyo siku hiyo tu, na asiyetaka asilazimishwe. Baada ya hapo ndipo mniambie yauzwe au yasiuzwe."

Bruda tunayemsema ni yule fundi seremala wetu mzee, aliyeishi na Padre kwa muda mrefu kuliko wote. Yeye aliacha kuvuta zamani, lakini pua yake haijasahau. Jumatatu ya Pasaka, baada ya chakula cha mchana, alitupangia viti barazani kwake, akaweka meza, birika la chai isiyo na sukari, kiberiti, na sahani nyeupe za kumwagia tumbaku ili tuone rangi.

Mwenzetu mmoja, mwenye asili ya Urambo, alisema tangu mwanzo kwamba yeye hataonja. Atakaa nasi na kuandika. Gombera alikuwa amesema asilazimishwe, nasi hatukumlazimisha kwa mikono. Lakini maneno nayo hulazimisha. Tulimtania kwamba anajifanya mtakatifu kuliko marehemu. Mmoja wetu alimwita Farisayo, na wengine tukacheka. Yeye hakujibu. Alifungua daftari lake akaandika tarehe.

Kwanza Bruda alitufundisha yale ambayo sisi, tuliokulia katika nchi inayolima tumbaku, hatukuyajua. Tumbaku ya kiko mara nyingi ni mchanganyiko. Msingi wake huwa ni Virginia, jani linalokaushwa kwa joto la moto bila kuguswa na moshi, ambalo sisi tunaliita tumbaku ya mvuke. Jani hilo lina sukari nyingi. Yapo majani yanayokaushwa kwa hewa tu, kama Burley, ambayo sukari yake ni kidogo sana. Yapo yanayofukizwa moshi, kama ile iliyopewa jina la bandari ya Latakia huko Syria. Na ipo Perique ya Louisiana, Marekani, ambayo hushindiliwa ndani ya mapipa ya mbao na kuachwa ichachuke kwa muda wa mwaka hivi. Bruda alitabasamu akatueleza kwamba mahali inakotoka panaitwa St. James Parish, yaani Parokia ya Mtakatifu Yakobo, kwa sababu huko Louisiana wilaya huitwa parokia mpaka leo, urithi wa nyakati ambapo mipaka ya serikali ilifuata mipaka ya Kanisa.

Kopo la kwanza lilikuwa lile la 1979. Jina lake ni Three Nuns, yaani Masista Watatu, na hapo tulicheka tena, safari hii pamoja na mwenzetu wa Urambo. Tumbaku yake imesokotwa kama kamba kisha ikakatwa vipande vya mviringo, kama sarafu. Ni Virginia pamoja na Perique. Bruda aliingiza ncha ya kisu chini ya kifuniko, lakini kifuniko hakikutoa ule mlio wa hewa aliokuwa akiutegemea. Aligeuza kopo. Chini, karibu na ukingo, palikuwa na tundu la kutu dogo kuliko kichwa cha sindano. Ndani zile sarafu zilikuwa bado na umbo lake, lakini tulipozigusa zilivunjika zikawa vumbi. Hazikuwa na harufu yoyote zaidi ya ile ya karatasi ya zamani.

Bruda alisema tumbaku iliyokauka kidogo unaweza kuirudishia unyevu ikafufuka, lakini iliyokaa miaka kumi au ishirini na tundu, mafuta yake yamekwisha kuondoka. Alifunika kopo lile polepole. Padre alikuwa amelitunza kwa zaidi ya miaka arobaini, akilihesabu kuwa bora kuliko yote, kumbe miaka mingi lilikuwa tupu bila yeye kujua. Hatukuwa na la kusema.

Kisha zikaja jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa Early Morning Pipe ya Dunhill, kopo moja la 1994 na jingine la 2008. Hii ni Virginia na majani ya Mashariki yaliyotiwa Latakia kiasi. Tulimwaga kila moja katika sahani yake. Ile ya 2008 ilinukia mara moja, kama kanisa baada ya baraka ya Sakramenti Kuu, kama ngozi na majivu ya kuni. Ile ya 1994 ilikuwa na rangi nyeusi zaidi na inayofanana zaidi kote; jani la njano na jani jeusi vilikuwa vimekaribiana. Moshi wake ulikuwa umepoa. Tulipoiwasha, tukivuta kidogo kidogo bila kumeza kama Bruda alivyotuonya, ile mpya ilikuja mbele na moshi wake, na ile ya zamani ikaja na utamu mdogo uliokuwa umejificha nyuma. Bruda alieleza kwamba Latakia hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita. Anayeipenda kwa ukali wake asiiweke mno. Anayetaka kusikia majani mengine yaliyo chini yake, angoje.

Jozi ya pili ilikuwa Full Virginia Flake ya Samuel Gawith, nyumba ya zamani ya Kendal, Uingereza, iliyoanza mwaka 1792. Hii haina moshi wala Perique. Ni Virginia tupu, iliyoshindiliwa ikawa tofali, kisha ikakatwa vipande vyembamba virefu. Kopo la 2012 lilikuwa na rangi ya kahawia, na harufu ya majani makavu yenye ukakasi wa mbali, kama ganda la limau. Kopo la 2001 lilikuwa karibu jeusi, na lilipofunguka lilinukia kama zabibu kavu, mkate, na siki kidogo. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba tulidhani Bruda amekosea kopo. Hakukosea. Jani lenye sukari, likifungiwa na hewa kidogo na unyevu wake, huendelea kuchachuka taratibu kwa miaka. Ukakasi unapungua, utamu unatulia. Burley, kwa kuwa haina sukari hiyo, haibadiliki sana. Na tumbaku zilizotiwa manukato ya matunda au vanila, wengi husema zivutwe mapema, kwa kuwa manukato huondoka na kuacha jani la kawaida.

Katika daftari la Padre, mahali alipoonja kopo jingine la aina hii, alikuwa ameandika kwamba miaka hulainisha jani zuri, lakini hailigeuzi jani baya kuwa zuri. Tuliusoma mstari huo kwa sauti. Mmoja wetu akasema hapo kuna mahubiri kamili juu ya malezi ya kipadre. Tulijifikiria: mwaka wa malezi ya awali, falsafa, mwaka wa kichungaji, teolojia. Miaka tisa ndani ya kopo. Tulifurahia mfano huo, tukaanza kuupamba.

Bruda akatukatiza kwa kuweka mezani chupa ya kioo.

Chupa mbili kati ya zile tatu zilikuwa na mabaki ya makopo yaliyokwisha. Ya tatu ilikuwa imejaa majani mazima, yaliyokunjwa, na karatasi yake ilikuwa na jina la kigango kimoja cha Urambo na mwaka 1998. Hakuna jina la kiwanda. Bruda alipolegeza kifuniko tu, mwenzetu aliyekuwa akiandika aliinua kichwa.

"Hiyo ni ya kwetu," alisema.

Tulidhani amesoma karatasi. Lakini alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Alinyoosha mkono, akatoa jani moja, akalifungua juu ya goti lake kama mtu anayekunjua barua. Alipitisha kidole kwenye kikonyo. Alilishika dhidi ya mwanga. Kisha, bila kuwasha moto wowote, alituambia mambo ambayo sisi watatu, baada ya saa mbili za kuvuta na kukohoa, tusingeweza kuyasema juu ya kopo lolote. Hili ni jani la katikati ya mti, si la chini wala la juu. Lilichumwa likiwa limeiva sawasawa. Siku ya tatu au ya nne bani lilipata joto kwa haraka mno, ndiyo maana hapa karibu na uti pana doa. Lakini mwenye bani alishtuka mapema akapunguza moto, kwa hiyo jani lote halikuungua. "Aliyelikausha hili hakulala usiku ule," alisema.

Ndipo tukaona aibu, na ndipo akatueleza kwa nini hakutaka kuonja.

Alianza kuchuma tumbaku akiwa na miaka saba. Asubuhi majani huwa na umande, na umande ule hupitisha sumu ya jani mpaka kwenye ngozi. Mtoto huanza kuona kizunguzungu, halafu anatapika, halafu anarudi kuchuma. Nyumbani walidhani ni malaria. Usiku alikesha na baba yake kwenye bani, kwa zamu, siku sita au saba kwa kila kukausha, wakitia kuni na kusikiliza. Ada yake ya seminari ndogo ilitoka humo. Mwaka mmoja marobota ya baba yake yalipangwa daraja la chini, na kwa kuwa wakulima walikuwa wamekopa pembejeo kwa dhamana ya pamoja, deni la waliokimbia likawaangukia waliobaki. Baba yake alirudi kutoka sokoni na kilo mbili za sukari, basi. Ni marehemu Padre aliyelipa ada ya mwaka ule, na hakumwambia mtu.

"Lakini hilo silo linalonizuia," alisema. Miaka miwili kabla ya siku ile, tulipokuwa tumetoka kusoma Laudato Si' darasani, alikwenda likizo akamwambia baba yake, mbele ya majirani, kwamba kukata miombo kwa ajili ya kukaushia tumbaku ni dhambi dhidi ya uumbaji, na kwamba jani analolima linaua watu. Yote mawili alikuwa na sababu ya kuyasema. Misitu ile kweli inakwisha, na nyuki wa Tabora wanakwisha pamoja nayo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Baba yake alimsikiliza, halafu akasema, "Hiyo kanzu yako, Frateri, ilikaushwa kwenye bani langu." Akaondoka kwenda shambani. Tangu siku hiyo walikuwa wanasalimiana tu.

"Kwa hiyo mimi nikiweka kiko mdomoni hapa barazani," alimalizia, "na kusifia zabibu kavu na mkate, nitamwambia nini?"

Tulimwomba msamaha pale pale. Aliyemwita Farisayo aliinuka akamshika mkono. Viko tuliviweka chini, navyo vilizimika vyenyewe.

Wapendwa, tulirudi tena kwenye ule mfano wetu wa kopo, tukaona una upungufu. Kopo huweza kungoja kwa sababu mwenye kopo ana kabati la kulitunzia na hana njaa. Mkulima wa jani lilelile hawezi kungoja hata wiki mbili. Msimu ukifika anauza, kwa daraja atakaloambiwa, kwa sababu deni haliingii kwenye chupa likalainika. Tumekuwa tukihubiri uvumilivu kana kwamba ni fadhila tupu isiyohitaji chakula. Sisi wenyewe tunangoja miaka tisa kwa sababu kuna watu wanaotulisha. Na lile kopo la 1979 lilitufundisha upande wa pili: kufungiwa na kutunzwa vizuri si dhamana. Tundu moja dogo ambalo hakuna anayelitazama linatosha. Siku ile tuliliona tundu letu, nalo lilikuwa ulimi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inataja tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa, katika mambo ambayo fadhila ya kiasi hutuepusha kuyatumia kupita kipimo. Padre alitufundisha pia darasani kwamba mwaka 1642 Papa Urbano VIII alitishia kuwatenga na Kanisa wale waliotumia tumbaku ndani ya makanisa ya jimbo la Sevilla, na kwamba Papa Fransisko aliamua sigara zisiuzwe tena Vatikani kuanzia mwaka 2018. Siku zile tuliandika tarehe hizo kwa ajili ya mtihani. Sasa tunaelewa kwa nini alizifundisha huku akishika mfuko wake wa kanzu penye kiko: alikuwa akijihukumu mwenyewe pia. Lakini katika katazo lolote na katika ruhusa yoyote tuliyosoma, hatukumwona yule anayekesha kwenye bani.

Tulimpelekea Gombera jibu letu. Tulisema makopo yasiuzwe, kwa sababu hatuwezi kuezeka maktaba kwa kitu ambacho tusingethubutu kumtangazia mtu kwamba ni kizuri kwake. Alikubali. Yale ambayo hayakufunguliwa yalikwenda kwa mpwa wa marehemu, ambaye ndiye alikuwa akimletea mengi kati yake, yapate kuwa ukumbusho wa familia. Yaliyofunguliwa Bruda aliyafukia. Paa la maktaba bado linavuja, na mwenye moyo wa kutusaidia anakaribishwa.

Ile chupa ya Urambo tuliomba tupewe. Mwezi wa Julai, likizo ilipoanza, tulisafiri wote wanne na mwenzetu mpaka kwao. Mlioipita njia ile mnajua: nchi iliyofunguliwa kwa mashine miaka ya arobaini ili ilimwe karanga, mradi wa karanga ukaanguka, na miaka ya hamsini tumbaku ikachukua nafasi yake. Ilikuwa wakati wa soko. Baba yake alikuwa uani akipanga majani kwa madaraja, na marobota matatu yaliyofungwa yalikuwa ukutani. Tulimwamkia, "Shikamoo baba." Alituitikia mmoja mmoja, na mwanawe akamwitikia wa mwisho. Mama alituletea matobolwa na asali.

Baada ya kula, mwenzetu alitoa chupa kwenye mkoba akaiweka kwenye mkeka. Alisema, "Baba, hii ilikuwa kwa Padre. Tumeona irudi huku."

Mzee aliisoma karatasi kwa muda mrefu. Alifungua, akaingiza pua, akanyamaza. Halafu alitoa jani akalipitisha kidole kwenye kikonyo, vilevile kabisa kama tulivyomwona mwanawe akifanya barazani kwa Bruda.

"Huu ni mwaka wa mvua za El Niño," alisema. "Kuni zilikuwa mbichi, moto ukawa unaruka. Malipo ya soko yalichelewa, tukawa hatuna zaka. Watu kadhaa tulibeba mafungu ya tumbaku tukampelekea Padre kanisani, tukamwambia hii ndiyo zaka yetu. Alipokea." Alinusa tena. "Labda ni langu. Labda ni la jirani. Ila sikujua kama hufika hapa." Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa amelima jani ambalo hulitoa mikononi likiwa na miezi michache, na hakuwahi kukutana nalo likiwa zee. Kisha akacheka kidogo. "Ukilipeleka hili sokoni leo watakupa daraja la mwisho. Watasema ni jeusi."

Sote tukacheka. Mwenzetu hakucheka. Alipiga goti mbele ya baba yake akasema, "Baba, nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe."

Mzee alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza. Alisema, "Ulichosema kilikuwa kweli. Ulikisema kama mgeni." Halafu akaamka akatuambia tumfuate. Nyuma ya bani, kuelekea bondeni, palikuwa na mistari ya miti iliyopandwa, mirefu kutuzidi kimo, imepaliliwa vizuri. Alikuwa ameianza miaka minne iliyopita, kabla ya ule ugomvi, ili asikate tena msituni. Mwenzetu alisimama akiitazama. Baba yake akasema, "Hukuniuliza."

Jioni ile tulisali Rozari pamoja na majirani, wale wale. Usiku tuliwasikia wawili hao wakizungumza nje mpaka tukapitiwa na usingizi. Hatukusikia walisema nini.

Bado hatujui ushauri gani wa kumpa mkulima ambaye zao linalomsomeshea watoto linamdhuru mtu mwingine mbali asiyemjua. Mwenzetu anafikiri alizeti na mizinga ya nyuki vinaweza kuanza kidogo kidogo kando ya tumbaku. Baba yake amekubali mizinga mitano. Tutaona. Lakini tumejiwekea sharti moja, kwa kumfuata marehemu Padre: kabla ya kuhubiri juu ya kazi ya mikono ya mtu, kwanza tumwulize.

Ile chupa ipo kwenye rafu nyumbani kwa mzee yule, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Haivutwi. Mwombeeni marehemu Padre wetu apumzike kwa amani, waombeeni wanaokesha kwenye mabani, na sisi msitusahau katika sala zenu.